Shangazi, Mwende Nimempata

Shangazi yangu mpenzi,

Mwende nimempata. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa ungenikata kauli katikati ya salamu: "Hayo mengine baadaye. Yule mtoto je?" Basi yu hai, na nimezungumza naye kwa simu. Alichoniambia nitakifikia, ila kwa mwendo wangu, maana barua hii naiandika wazi, na wengi watakaoisoma hawakujui wewe wala hawamjui yeye. Ulizoea kunisubiri garini nje ya kliniki huku unanung'unika, na leo nisubiri vivyo hivyo.

Na wajue, basi, kwamba wewe ni dada wa baba yangu, mzaliwa wa Unguja, mkunga uliyewapokea watoto wa jamaa zetu karibu wote wa hapa Maskati. Ulipofiwa na mume ukaja kukaa nami mtaa wa Ansab. Mwenyewe ulisema unakuja kuniangalia mimi, kwa kuwa mwanamke akikaa peke yake huzoea kusema na paka, na mimi nilikwisha zoea. Mimi ni daktari wa wanyama. Kazi hiyo ilikutia haya. Wenzio wakikuuliza ulijibu "daktari", kisha ukawakaribisha chai haraka haraka wasije wakauliza wa nini. Watu na mimi hatuivani sana, hilo nalo ulilijua, ukawa unanifunika kwa maneno yako matamu kila nilipomjibu mtu ovyo.

Mbwa wale walituingilia katika msimu ambao mtu hawezi kushika usukani kwa joto. Kulikuwa na mgeni mmoja, nyumba yake si mbali na yetu, aliyekuwa akizalisha mbwa wa Kiingereza waitwao Airedale na kuwauza. Siku moja akazima umeme, akafunga lango, akapanda ndege. Majirani walisikia mbwa wakibweka, wakavumilia. Walipoacha kubweka ndipo walipotupigia simu kliniki. Nilikuta wengine wamekwisha kufa, wamelala kuzunguka bomba lililokauka. Waliobaki hai niliwabeba mmoja mmoja. Niliporudi nyumbani na nguo zile ulinizuia mlangoni, ukanitazama usoni, halafu ukaenda kunitekea maji mwenyewe.

Airedale ni mbwa mrefu, miguu ya rangi ya hudhurungi, mgongo mweusi, manyoya magumu kama brashi ya kusugulia sufuria. Na ana ndevu. Ndevu hizo ndizo zilizokumaliza. Ulisimama mbali, buibui umelikusanya mkononi lisiguse chochote, ukamtazama yule dume mkubwa ambaye hakuweza hata kuinua kichwa. "Subhanallah," ulisema, "ndevu zake zinamshinda maalim wetu wa chuo cha Kurani." Tangu siku hiyo jina lake likawa Maalim. Wewe ndiye uliyempa, ingawa baadaye ulikana mbele ya wageni.

Walipopona wakahitaji nyumba, na hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Airedale si mbwa wa kumpa kila anyooshaye mkono. Ana nguvu, ana akili, ni mkaidi, na akichoshwa na upweke huchimba mpaka chini ya ukuta. Manyoya yake hayanyolewi kwa mashine, hunyonyolewa kwa mkono. Kwa joto la kwetu lazima alale ndani penye baridi, na kutembezwa ni baada ya alfajiri tu, kabla vigae havijawa moto wa kuunguza nyayo. Nikasema sitamtoa hata mmoja kabla sijaiona nyumba anayokwenda kwa macho yangu.

"Peke yako?" uliuliza. "Uingie nyumba za watu usiowajua? Haiwi."

"Shangazi, mbwa ni najisi, wewe mwenyewe umesema."

"Mbwa nitamkalia mbali. Wewe sikukalii mbali."

Ukaja, na kopo la maziwa ya unga umelijaza udongo safi kutoka bustanini, umeliweka chini ya kiti cha gari pamoja na chupa za maji. Mbwa akikugusa kwa ulimi, unajiosha mara saba, moja kwa udongo, hapo hapo barabarani, mtaa wa Azaiba, magari yanapita na watu wanatukodolea macho. Mimi nashika chupa, wewe unaniamrisha nimimine taratibu. Nilicheka mpaka ukanitishia kunirudisha kwa mama yangu, ambaye naye alikwisha tangulia mbele ya haki.

Nilidhani utakuwa mzigo, kumbe wewe ndiye uliyekuwa mkaguzi. Mimi nilikuwa na maswali yangu ya kitabibu: kiyoyozi, uzio, maji, nani atamtembeza. Watu walinijibu vizuri, kwa kuwa kila mtu anajua jibu gani linapendeza. Wewe ulikuwa na njia ya kwenu. "Hii posa hii," ulisema. "Na kwenye posa hakuna anayemuuliza bwana harusi kama ana tabia njema. Unakwenda jikoni kwao." Tukishakaa kidogo, ulikuwa unaangalia saa na kuomba kwa sauti ya mtu aliyechoka: wangekuruhusu usali, na wangekuonyesha pa kutawadhia? Hakuna aliyekunyima. Mhindi, Mwingereza, Mwarabu mwenzetu, wote waliinuka kumpisha bibi kizee. Wengine walituonyesha kibla kwa simu. Nawe ukapita ukumbi, ukapita korido, ukafika uani, na njiani ukaona kila ambacho hatukutakiwa kukiona.

Na huko jikoni mara nyingi ulimkuta dada wa kazi kutoka Kenya. Mwenye nyumba hakujua Kiswahili. Wewe unatawadha, yeye anakushikia taulo, na katika muda wa kuosha uso na mikono mmekwisha zungumza yote. Mbwa wa kwanza yuko wapi? Alikufa. Nani atampa huyu chakula? Mimi. Wewe wampenda mbwa? Namuogopa, mama. Ulirudi sebuleni umetulia, ukanitupia jicho, na kwa jicho hilo nilijua tunatoa au hatutoi. Kuna yule kijana wa Ruwi aliyetaka Airedale kwenye chumba kimoja ghorofa ya nne. Kuna yule bwana wa shamba aliyetuapia kuwa atamtunza kama mwanawe, na kwenye bomba la uani kwake ukaona mnyororo mfupi umefungwa, na chini yake saruji imekwanguliwa na kucha. Ulisali rakaa zako, ukamshukuru, na kwenye gari ukalia.

Sasa Azaiba.

Nyumba ile sitaisahau. Ilikuwa nzuri mno, Shangazi, nzuri kuliko zote tulizoziona. Uzio mrefu, bustani yenye kivuli, mwenye nyumba mpole, mkewe amesoma habari za Airedale mpaka akanizidi. Wakatuonyesha chumba walichomtengea Maalim nyuma ya jiko. Kilikuwa na kiyoyozi kipya, vigae, dirisha, beseni la maji, godoro la mbwa bado limo kwenye nailoni. Niliwaza: alhamdulillah, hatimaye. Nilikuwa nimekwisha mpa moyoni. Wewe ukaomba kusali.

Uliporudi uso wako ulikuwa umebadilika rangi. Ukaketi, ukaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama unayenieleza habari za mapishi, kwamba huko uani umezungumza na binti mmoja wa Kikamba aitwaye Mwende. Chumba kile kilikuwa chake. Wiki iliyopita wamemtoa ili kipakwe rangi kwa ajili ya mbwa, na yeye wamempandisha kwenye stoo ya juu ya paa, kwenye matangi ya maji. Julai. Amekuomba neno moja tu: "Mama, tafadhali msimlete huyo mbwa hapa. Mkikosa kumleta watanirudisha kwa room yangu."

Niliona aibu mpaka nyayoni. Nilikuwa nimepima baridi ya chumba kile kwa kiganja changu na kuikubali.

Hapo tungeweza kuondoka. Tungesema tutawajulisha, tukapanda gari, tukapiga simu siku ya pili kwamba mbwa amepata nyumba nyingine. Tulikwisha fanya hivyo mara nyingi. Lakini kahawa ilikuwa imeletwa. Mwenye nyumba alikumiminia finjani kwa mkono wake, nawe ukaipokea, ukaiweka chini mbele yako bila kuionja. Mimi nilielewa papo hapo, na yeye akaelewa, kwa kuwa sote ni watu wa hapa. Mgeni akiiweka kahawa chini ana haja, na haonji mpaka mwenyeji amtimizie.

"Sema, khalti, mama yangu mdogo," alisema.

"Yule binti wa kazi," ulimwambia kwa Kiarabu chako kizuri, "mrudishie chumba chake. Ndiyo haja yangu, sina nyingine."

Mkewe aliinamisha macho. Mume hakusita hata kidogo. Akaweka mkono kifuani, akatoa neno ambalo kwetu ni ahadi kamili. "Abshiri, khalti. Chumba ni cha mfanyakazi. Mbwa tutamjengea chake uani." Ukainua finjani, ukanywa, ukaitikisa kwa vidole kuonyesha umetosheka. Niliwaambia tutarudi kukitazama chumba cha mbwa kitakapokwisha kujengwa. Njiani ulikuwa na furaha ya bibi harusi. "Umeona? Mtu wa asili akishasema abshiri mbele ya kahawa, imekwisha hiyo. Roho yake itatoka, ahadi yake haitoki." Nami nilikuamini. Ulikuwa umetumia silaha kongwe kuliko zote tulizonazo, na ilikuwa imepata shabaha.

Tuliporudi tulifunguliwa lango na binti mwingine, wa nchi nyingine, asiyejua hata "jambo". Wewe ukamuuliza mwenye nyumba, Mwende yuko wapi? Alikujibu kwa adabu ile ile. Amemrudisha maktab, ile ofisi ya wafanyakazi iliyomleta, kwa sababu mtu anayetoa siri za nyumba kwa wageni hafai kukaa ndani ya nyumba. "Lakini chumba, khalti, nilikuahidi kuwa ni cha mfanyakazi, na mfanyakazi ndiye analala humo. Tafadhali, kitazame." Ulikwenda ukakitazama. Mie nilibaki nimesimama. Kitanda kilikuwamo, na shuka, na kiatu cha yule binti mgeni kando ya mlango. Neno lake alikuwa amelitimiza herufi kwa herufi. Ulipopewa kahawa ulikataa, naye hakukulazimisha.

Tulikwenda kwenye ofisi hiyo, Ruwi, siku hiyo hiyo. Unaikumbuka ngazi ile, juu ya duka la mabegi? Wewe na goti lako, unapanda unasoma dua. Karani alikuwa mpole, alitafuta kwenye kompyuta yake, akasema msichana amekwisha pelekwa kwa familia nyingine, bara, mbali. Familia gani? Hawezi kusema. Simu yake? Hana. Ulikaa kwenye benchi pamoja na mabinti waliokuwa wakisubiri kuchukuliwa, ukawauliza mmoja mmoja kama wanamjua Mwende. Walikutazama kama wanavyomtazama mtu aliyeingia ofisi siyo. Karani akazima taa nusu ili tujue muda wa kufunga umefika.

Usiku ule hukula. Siku ya pili hukula. Ukaniambia, "Mwanangu, miye nilikwenda kumkagulia mbwa nyumba, nikamtoa mtu nyumbani." Nilikwambia kosa ni la yule bwana, na ndivyo ninavyoamini hata leo, na ningekuwa mtu wa matusi ningelimtukana hapa. Wewe ukatikisa kichwa. "Aliniambia siri jikoni. Mimi nikaitoa sebuleni. Yule bwana ana kosa lake na Mungu. Na mimi nna langu na Mwende."

Tangu hapo ukaguzi ulibadilika. Mbwa wa kwanza akapata mwalimu mmoja Mskoti aliyemchukua hadi kwao, wa pili akapata nyumba hapa hapa, na kila mara wewe ulikuwa wa mwanzo kuingia garini. Hata nyumba ambazo kwa simu tu zilionyesha hazifai, ulining'ang'ania twende. "Huwezi kujua," ulisema. Nilijua unachokitafuta. Uliomba kusali, ukaenda jikoni, na kabla hujauliza habari ya mbwa ulimuuliza dada wa Kikenya: "Mwamjua mwenzenu Mwende, Mkamba, mrefu, ana pengo hapa mbele?" Wakati mwingine ulisahau kabisa kuuliza la mbwa. Mimi nilikuacha. Ndiyo maana Maalim hakuwahi kupewa mtu. Kila nyumba tuliyomtafutia ilikuwa kwako ni jiko lingine la kumtafutia Mwende, nami sikuwa na haraka ya kuyamaliza majiko. Alibaki kwetu, kwenye chumba cha uani, na wewe ukawa unampitia kwa mbali na kumwamkia, "Sabalkheri, Maalim," kama jirani uliyegombana naye zamani mkapatana nusu.

Halafu maradhi yakaja, na yalikuja kwa kasi. Siku zile za mwisho ulizungumza kidogo, na ulichokisema kilikuwa hicho hicho. Haki ya Mungu Mungu anasamehe, ulisema, ana rehema. Haki ya mja anaisamehe mja mwenyewe. Ukanishika kwa mkono ambao mimi mwenyewe niliona kuwa umepungua. "Mtafute. Ukimpata, niombee radhi." Nilikuahidi. Kwenye jeneza, imamu alipouliza kama kuna mwenye haki juu ya marehemu, wanaume walijibu kwamba wamekusamehe wote. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake. Mwenye haki hakuwapo, na mimi peke yangu nililijua hilo.

Sasa nimefika unapotaka nifike.

Wiki iliyopita nilikwenda kukagua nyumba moja hapa Ansab, kwa ajili ya Airedale jike aliyeachwa kliniki na watu waliohama. Nilikwenda peke yangu. Wenyewe ni mume na mke, wazee kidogo, watu wazuri. Wakati wa kuuliza maswali yangu ukafika, nikajikuta naangalia saa na kuwaomba nisali. Sauti iliyonitoka ilikuwa yako. Jikoni kulikuwa na dada wa Kikenya anaosha vyombo. Alinitazama, akatazama gari dirishani, akafuta mikono.

"Wewe si ndiye daktari wa mbwa? Yule mama mzee wa mkebe wa mchanga yuko wapi?"

Nilimwambia umefariki. Akasema, "Aki pole. Tulimtafutia yule msichana wake. Tuliuliza hadi kanisani. Alifika nyumbani, yuko Kitui. Hatukuwa na njia ya kumwambia mama."

Walikuwa wanakutafutia, Shangazi. Mabinti wale wote uliowauliza majikoni, walikuwa wakipelekeana jina hilo kwenye simu zao. Nilipewa namba nikiwa nimesimama kando ya sinki, na mikono yangu imelowa kwa maji ya udhu ambao sikuumaliza.

Nilimpigia kutoka garini. Nilijitambulisha, nikamwambia mimi ndiye daktari wa mbwa niliyekuja Azaiba na yule mama. Alinikumbuka haraka, haraka kuliko nilivyotaka. Nikamuuliza hali. Mzima. Akaniambia kwa ufupi, bila kulia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lisimulia jambo mpaka likakauka. Nyumba ya pili ilikuwa mbali, milimani. Walichukua simu yake siku ya kwanza. Alilala jikoni, chini, muda wote wa mkataba. Hawakumpiga. Walimlisha. Simu tu hawakumpa.

"Azaiba nilikuwa na simu," alisema. "Hata kama ni kwa hiyo stoo ya juu. Kila Ijumaa nilikuwa naongea na mum. Alikuwa mgonjwa, unajua. Si nilimwambia huyo mama? Nilimwambia tukiwa kwa hiyo sink."

Sikujua, Shangazi. Hukuniambia hilo hata siku moja. Sasa naelewa kwa nini hukula.

"Aliaga nikiwa huko," Mwende alisema. "Wakamzika. Mimi nilikuja kujua nikifika Nairobi, airport, ndugu yangu akikuja kunichukua. Nilimuuliza mbona mum hajakuja."

Nikamwambia umekufa. Nikamwambia ulimtafuta kila nyumba tuliyoingia, na kwamba wasia wako ulikuwa yeye. Nikamweleza maana ya radhi kwetu, kwamba ni yeye tu anayeweza kuitoa, hakuna mwingine, si mimi, si sheikh. Nilisema kwa niaba yako: nisamehe.

Nilisikia kuku kwao, na mtu akipasua kuni.

"Nilimwomba kitu moja tu," alisema. "Msilete mbwa. Hiyo ingetosha. Nani alimwambia aongee?"

"Alitaka haki yako," nilisema.

"Najua. Alikuwa mama mzuri." Kisha akaniuliza: "Wakati anaaga mlikuwa naye?"

"Tulikuwa naye."

"Mlimwosha nyinyi wenyewe?"

"Mimi na wanawake wa jamaa."

"Basi mlikuwa na bahati." Nilisikia anavuta pumzi. "Mimi sina ubaya na yeye, dada. Lakini hilo neno unataka, siwezi kulisema nikiwa sijalimaanisha. Nipe muda. Ikifika, nitakupigia mimi."

Akakata. Sikumlaumu, wala sikumpigia tena kumbembeleza. Ningemwambia nini? Kwamba wewe una haraka kuliko yeye?

Yule jike nimempa wale wazee wa hapa Ansab. Kabla ya kumtoa niliwaomba wanionyeshe dada wao analala wapi, na nikasema wazi kwamba bila hivyo hakuna mbwa. Walishangaa, wakacheka kidogo, wakanionyesha. Ni chumba kizuri. Nilimuuliza mwenyewe kwa Kiswahili kama anayo simu, akaitoa mfukoni akanionyesha. Nilichelewa kujifunza hilo, Shangazi, na nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Ulikuwa ukisema mbwa ni amana. Sasa najua amana ilikuwa imesimama kando ya sinki imeshika taulo, na sote wawili tuliipita, wewe na udhu wako, mimi na maswali yangu.

Kaburi lako nalipitia kila Alhamisi. Nimenyamaza siku zote hizi kwa kuwa nilitaka nije na jibu. Nilidhani nitamaliza barua hii kwa bishara, na huenda wewe ungependa nikudanganye kidogo, kama nilivyokuwa nikikudanganya kuhusu sukari yako. Sitaki. Yule mtoto anafikiri, na ana haki ya kufikiri kwa muda anaoutaka, kwa kuwa alilopoteza haliwezi kurudishwa kwa finjani yoyote. Ijumaa imepita. Simu inalala mkononi mwangu, na ikilia nainuka hata kama nimo katika kumshona mnyama.

Nakuombea kauli thabiti huko uliko, na kaburi lenye nafasi. Na kila nikisujudu namuomba Mungu asikuulize habari ya Mwende kabla Mwende hajanipigia.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako